Hata Sifuri Ni Salamu

Machi 12

Binti yangu ameondoka asubuhi kwa basi la kwanza, kwenda kwenye kazi yake mpya katika mji ulio mbali, safari ya kutwa nzima. Nyumbani nimebaki mimi, saa za wateja ambazo hazijawahi kukubaliana ni saa ngapi, na kompyuta.

Kompyuta yenyewe ni bodi moja tu, ukubwa wa kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Haina kioo wala vitufe. Ameipachika ukutani juu ya meza yangu ya kazi, na waya wake unapita dirishani hadi uani, kwenye kipima mvua tulichotengeneza pamoja wiki nzima. Yeye alitengeneza akili. Mimi nilitengeneza kikombe cha pande mbili kinachokaa kama pembea chini ya mdomo wa kile chombo: upande mmoja ukijaa maji unainama, unamwaga, na upande wa pili unashika zamu. Kila kikiinama, ile sabuni inahesabu, na kila saa inampelekea hesabu kwenye simu yake. Mimi ni fundi saa. Kitu kinachoinama na kurudi ndicho pekee ninachokielewa duniani.

Mkataba tumeuweka jana mezani.

"Baba, kila nikikupigia unasema 'mzima'. Mwaka jana ulikuwa na homa ya mapafu, ukasema 'mzima'. Simu yako ina neno moja tu."

"Lakini si neno baya."

"Basi mimi nitaangalia mvua. Nisipopata hesabu nitajua kuna jambo. Zikipita siku tatu bila hesabu, napanda basi, nakuchukua, nakupeleka kwa shangazi."

"Na isiponyesha?"

"Itakuja sifuri. Hata sifuri ni salamu."

Shangazi yake ni dada yangu mkubwa. Nampenda sana, hasa akiwa kwake nami nikiwa kwangu. Kwake kuna wajukuu wasiohesabika, televisheni isiyozimwa, na dada mwenyewe, ambaye bado ananiuliza kama nimenawa mikono. Dirisha langu hili, meza hii, mwanga huu wa asubuhi unaoangukia kwenye vyuma vidogo, huko havipo. Tangu mama yake binti afariki, hivi ndivyo vilivyonibakia. Sitoki.

Machi 13

Sifuri.

Machi 14

Sifuri. Mteja mmoja. Alikuwa anauliza njia.

Machi 18

Mvua ya kwanza. Imekuja alasiri kwa kishindo kama mgeni mwenye mizigo. Nimesimama dirishani nikitazama kikombe changu kikiinama, ta, ta, ta, nikajisikia kama baba anayemwona mwanawe akisoma risala shuleni. Binti akaandika: "Naiona, baba. Inanyesha vizuri." Yuko mbali hivyo na anaiona mvua ya uani kwangu. Mimi naye hatukuonana.

Machi 21

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika, ukarudi. Jioni binti akapiga.

"Baba, hesabu zimekatika tangu saa nne."

"Mimi mzima."

"Siku ya kwanza hiyo."

Sasa ni lazima nieleze habari za mtandao. Si wangu. Ni wa mkunga anayekaa ghorofani juu yangu. Mwaka jana aliuacha wazi kwa wema, wapangaji wa jengo zima wakaufanya kisima cha kijiji, wakatazama mpira mpaka ukakauka. Akafunga. Siku hizi kifaa asichokijua ruta yake, kile kisanduku kinachogawa mtandao, inakikatalia mlangoni, na ruhusa anatoa yeye, akiwa nyumbani kwake, kwa simu yake. Binti alikuwa amemwomba, na sabuni yetu ilikuwa imeruhusiwa.

Nikapanda. Mkunga akafungua mlango nusu, bado amevaa sare ya zahanati.

"Jirani, samahani. Kompyuta yetu imefukuzwa."

"Sijafukuza mtu." Akatazama simu. "Hapa kuna kitu kinabisha hodi, nimekikataa kwa sababu sikijui. Ndiyo yenyewe?"

"Nadhani."

"Unadhani. Haya, ingia, mwana wa jirani." Aliiambia kompyuta, si mimi. Mlango ukafungwa.

Machi 24

Umeme umekatika. Umerudi. Sabuni imekataliwa. Nimepanda.

Machi 27

Vilevile. Binti ameniambia labda mawimbi hayafiki vizuri ukutani pale. Nimeihamishia juu ya kabati.

Machi 28

Umeme, vilevile. Kabati halikusaidia. Nimeifungia nyuma karatasi ya fedha ya kufungashia chakula, maana nilisikia inarudisha mawimbi. Mkunga ameshuka kuangalia uwanja wa mkasa, akaitazama muda mrefu.

"Fundi, hiyo ni kompyuta au kuku wa kuokwa?"

Nimeitoa karatasi, nikairudisha sabuni ukutani.

Aprili 2

Mvua ya manyunyu, ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Umeme ulikatika mchana. Nimesubiri mpaka niliposikia viatu vya mkunga vikipanda ngazi. Ningeweza kumpigia simu tu, angebonyeza, yangekwisha. Sijui kwa nini napanda. Leo amenipa kiti.

Aprili 5

Nimepanda. Chai.

Aprili 9

Leo tumegundua jambo, yaani amegundua yeye, mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Kila kifaa kina anwani yake, mfululizo wa tarakimu na herufi, na ruta hukitambua kwa hiyo. Mkunga alikuwa anaipa sabuni ruhusa kwa mara nyingine, akasita.

"Hebu ngoja. Ile ya juzi ilianza na nane. Hii inaanza na mbili. Na humu nina wengine wote niliowaandika 'wa fundi', hakuna wawili wanaofanana."

"Maana yake nini?"

"Maana yake sikukataa mtu ninayemjua. Huyu mtoto wako anazaliwa upya kila umeme ukirudi, anakuja kwangu hana jina. Mimi nimezalisha wengi, lakini mtoto wa kunirudia mara ya kumi ndio kwanza namwona."

Tumecheka mpaka chai ikapoa. Nilikuwa sijacheka na mtu chumba kimoja muda mrefu, nikasahau kwamba inauma mbavu.

Kushuka kwangu nimempigia binti. Nikasikia anajigonga paji la uso.

"Baba, ni mimi. Nilipokuwa chuoni nilikuwa sitaki mtu anifuatilie kwenye mitandao ya pale, nikaweka mpangilio wa faragha: kompyuta ibadilishe anwani kila inapojiunga. Nikanakili mipangilio yote ileile kwenye hiyo ya kwako. Nikasahau kabisa."

"Kwa hiyo inajificha."

"Inajificha."

"Kutoka kwa jirani yangu."

"Usinicheke, baba."

Sikumcheka. Nilikuwa natabasamu gizani, ambayo si kesi moja.

Aprili 12

Jumapili. Binti hawezi kuingia kwenye ile kompyuta kutoka aliko, kwa hiyo kazi imeniangukia mimi. Nimeiunganisha na televisheni, nikaazima kibodi kwa mwenye duka la vifaa vya shule, nikaweka simu sikioni. Nimefungua saa za watu miaka thelathini na sijawahi kuona mashine isiyo na kitu kinachozunguka. Maandishi meupe kwenye weusi, na kijistari kinachopepesa kama mtu anayesubiri useme jambo la maana.

"Andika nilivyokutumia. Herufi kwa herufi. Kuna nafasi hapo katikati."

"Nafasi kubwa au ndogo?"

"Baba, nafasi ni nafasi."

Tumepata faili. Tumepata mstari wa faragha. Nikazima, nikawasha, nikapanda kwa mkunga kifua mbele kuhakikisha. Imekataliwa.

Kumbe faragha ziko mbili. Moja ni ya kifaa kinapopita kikitafuta mitandao, kama mtu anayejifunika uso akikatiza sokoni. Ya pili ni ya kinapojiunga hasa, pale mlangoni, kinapoulizwa wewe nani. Nilikuwa nimeondoa kitambaa sokoni na kukiacha mlangoni.

Aprili 15

Nimeupata mstari wa pili. Palikuwa na neno la Kiingereza ambalo binti anasema maana yake ni bahati nasibu. Nimelifuta, nikaandika jingine lenye maana ya kudumu. Nikachomoa waya wa umeme kwa mkono wangu, nikahesabu pumzi, nikachomeka. Nikapanda. Mkunga akatoa ruhusa. Nikashuka, nikachomoa, nikachomeka, nikapanda tena nikihema.

"Imeingia yenyewe," akasema. "Sikugusa kitu."

"Imeingia?"

"Imeingia kama mtu wa nyumbani. Hongera, fundi."

"Hongera wewe, mkunga. Mtoto amepata jina."

Tukabaki tumesimama pale mlangoni. Hakukuwa na jambo lingine. Nikamwambia usiku mwema, ingawa jua lilikuwa bado linawaka.

Aprili 16

Umeme umekatika, umerudi. Sabuni imejiunga yenyewe. Binti: "Safi sana, baba!"

Aprili 19

Umeme umekatika, umerudi. Yenyewe.

Aprili 23

Mvua kubwa. Yenyewe.

Aprili 28

Nimesikia viatu vya mkunga vikipanda. Nikatoka, nikafika ngazi ya tatu, nikakosa sababu. Nikakagua taa ya ngazini kana kwamba nimetumwa na mwenye nyumba, nikashuka.

Mei 3

Mvua. Saa ya ukutani ya mteja mmoja imepona. Hajaja kuichukua, kwa hiyo inanipigia mimi kila saa, kwa bidii, kama karani mpya.

Nimegundua pia kwamba binti hapigi kama zamani. Mwanzoni hesabu zilikuwa zinakatika, anapiga, tunagombana, ananiuliza nimekula nini. Siku hizi anaandika tu: "Naona mvua imepungua." Simlaumu. Mkataba ni mkataba, na mimi ndiye niliyeufanya ufanye kazi. Mtu unajitengenezea kitanda, kisha unalalamika kwamba kinakutosha.

Mei 8

Mvua kidogo. Sijasema neno kwa sauti leo mpaka jioni, nilipomwambia mende aondoke.

Mei 11

Sifuri.

Mei 17

Naandika kitandani, mguu umefungwa plasta mpaka gotini. Niandike yote, maana siku hizi mbili nilizokuwa zahanati nimeyarudia kichwani hadi yamechakaa.

Juzi asubuhi kulikucha kweupe, jua la kuanika. Nilitoka uani kuondoa majani kwenye mdomo wa kipima mvua, kama kila siku. Sakafu ya uani imeota utelezi wa kijani tangu mvua zianze, nami nimekuwa nikijiambia nitaisugua kesho. Ile kesho ilinipokea kwa mgongo. Nilisikia kifundo cha mguu kikilia, sauti ndogo, kavu, kama springi inapokatika ndani ya saa. Nikajua.

Simu ilikuwa ndani, kwenye chaji. Nikaita. Upande wa pili wa ukuta kuna karakana ya seremala, na seremala alikuwa anapasua mbao. Hata mimi mwenyewe sikujisikia. Mkunga alikuwa kazini. Nikajaribu kujiburuta kuelekea mlangoni. Kuna vidaraja vitatu vya kupandia pale ambavyo sikuwahi kuviona ni virefu. Kwenye cha kwanza macho yakajaa giza, nikarudi chini.

Nikawaza: jioni mkunga atarudi. Halafu nikakumbuka. Zamani umeme ukikatika na mimi nisipande, angejiuliza. Sasa nani ajiulize? Sabuni inajiunga yenyewe.

Saa ya mteja ikapiga ndani. Nikajua kwamba dakika hiyohiyo, pale ukutani, ile kompyuta imempelekea binti yangu sifuri. Salamu. Mimi nimelala kwenye utelezi, jua linanichoma utosini, na yenyewe inamwambia kwa adabu kwamba kwa baba hakuna jambo. Imekaa nami miezi miwili tu, imeshajifunza kusema "mzima".

Kipima mvua kilikuwa karibu na mkono wangu, kwenye kiguu chake kifupi cha chuma. Nikakitazama muda mrefu kuliko ninavyotaka kuandika hapa. Nilijua vizuri jinsi ya kukifungua, ni mimi niliyekitengeneza. Na nilijua nikikigusa itakuwaje: atakuja, ataona, na safari hii hatanisikiliza. Kila nikikiangalia kile kikombe naona sebule ya dada yangu, nasikia ile televisheni. Nikasema nisubiri kidogo. Saa ikapiga tena. Sifuri nyingine ikaenda. Midomo ilikuwa imekauka, na nilianza kutetemeka palepale juani. Hapo ndipo nilipomfikiria yeye, si mimi: yuko kazini, anaitazama ile sifuri, anatabasamu.

Nikang'oa mdomo wa kipima mvua. Nikaweka kidole kwenye kikombe, nikakiinamisha. Ta. Upande wa pili. Ta. Nikainamisha mpaka bega likafa ganzi, nikabadilisha mkono. Binti alikuwa ameweka kengele kwenye simu yake ilie mvua ikizidi kipimo, kwa kuogopa uani kwangu kusifurike. Nilinyesha, ndugu yangu. Nilinyesha mvua ambayo masika yote hayakuiweza, na juu hakuna hata wingu la kuombea.

Mengine nimesimuliwa. Kengele ikalia. Akapiga simu yangu, haikupokewa. Akapiga ya mkunga, zahanati.

"Mama, huko kuna mafuriko?"

"Mafuriko? Nimetoka kuanika mashuka sasa hivi. Jua linatoboa."

"Kwa baba inanyesha vibaya sana."

Mkunga anasema alivua glavu palepale. Mimi nilichokiona ni viatu vyake tu, vimesimama kwenye utelezi mbele ya uso wangu.

"Fundi, binti yako anasema unazama."

Nikataka kumjibu. Neno lililokuja ulimini lilikuwa lilelile la siku zote. Nikalimeza.

"Si mzima," nikasema.

"Naona," akasema, akapiga magoti.

Mei 18

Binti amefika jana jioni, kazini walipompa ruhusa, amelala sakafuni karibu na kitanda kama alipokuwa mdogo na anaogopa radi. Asubuhi nikamwonyesha begi. Nilikuwa nimemwomba mkunga anipangie nguo.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kwa shangazi yako. Mkataba."

"Mkataba ulisema nikikosa habari zako. Mimi sikukosa. Umenipigia kelele mpaka bosi wangu akauliza kama kuna kimbunga." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kutoa nguo moja moja. "Tangu mama afariki sijawahi kukusikia ukisema unahitaji kitu. Ile ndiyo mara ya kwanza. Nikupeleke kwa shangazi kwa kosa hilo?"

Nikatazama dirishani. Kulikuwa na kitu kwenye jicho, nadhani vumbi la seremala.

"Lakini ile sifuri ya mashine siitaki tena," akasema. "Haina mtu ndani."

Mei 24

Binti ameondoka. Amesugua uani kabla ya kwenda. Nyumba imerudi kuwa kubwa kama ilivyokuwa Machi. Jioni mkunga akashuka kuangalia plasta.

"Mbona uliacha kupanda?" akauliza, macho kwenye mguu.

"Kompyuta ilipona."

"Mimi niliifungia ile sabuni, fundi. Wewe sikukufungia."

Nikampa saa ya mteja aishike, nikamweleza inavyofanya kazi. Alisikiliza yote, maskini.

Juni 2

Manyunyu, kwa kuaga.

Juni 9

Plasta bado. Ngazi za ghorofani siziwezi. Mkunga amekuja na chai yake mwenyewe, akidai yangu ina ladha ya mafuta ya saa.

Juni 10

Hakuja. Zamu ya usiku. Mvua nayo imekwisha kabisa. Kimya ni kilekile, sitajidanganya. Saa zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, na mimi katikati yao kama mtu aliyekaa kwenye kikao cha ukoo usio wake.

Juni 14

Anga jeupe, hakuna wingu. Nimetoka uani na mkongojo, polepole, nikiitazama sakafu kama mtu ninayemdai. Nimeondoa mdomo wa kipima mvua, nikakiinamisha kikombe kwa kidole mara moja tu, kama kila asubuhi tangu binti aondoke. Ta. Nikarudisha, nikakaa kwenye kidaraja cha kwanza kusubiri saa ipige, tone langu limfikie binti.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Nimelowa, baba."